Msaada: programu ya kurekodi na kuediti sauti kwenye Mac

Wakuu, heshima kwenu. Nasoma simulizi na kuzirusha YouTube. Nilikuwa natumia simu, sasa nimepata MacBook Air ya 2015 iliyotumika: RAM GB 4, diski GB 128, macOS Monterey. Narekodi sauti yangu tu, sina haja ya biti. Nikijikwaa nikate, niondoe mvumo wa feni, nitie muziki kwa chini. Hela ya programu sina. Kuna jamaa anataka kuniwekea Logic, ile programu ya muziki ya kulipia ya Apple, ya wizi. Nifanyeje?

Baharia wa Kigamboni: Ya wizi achana nayo mkuu, utaingiza virusi bure. GarageBand ya Apple ni ya bure, kwanza tazama kama imo kwenye Applications.

Fundi Mitambo: GarageBand nzuri, ila imekaa kimuziki. Maktaba yake ya ala inakula GB kadhaa, na diski yenyewe ndiyo hiyo. Kwa msomaji wa simulizi mimi nasema Audacity. Bure pia, na kukata sentensi ni kuchagua kipande na kubonyeza Delete.

Dada Mkavu: Akiamua GarageBand azime metronomu, kile kihesabu mapigo. Ile tiki-tiki ikitoka kwenye spika, maiki inainasa.

Mleta uzi: Nimeshusha Audacity. Narekodi, mstari umenyooka tu, sauti hakuna!

Fundi Mitambo: Mac haijairuhusu kugusa maiki. Nenda System Preferences, Security & Privacy, Privacy, Microphone. Weka tiki kwenye Audacity, ifunge, uifungue tena.

Feni ukiweza izime. Ukishindwa na joto, kaa kimya sekunde chache kabla ya kuanza kusoma. Chagua kipande hicho cha ukimya, ingia Effect, Noise Removal and Repair, Noise Reduction, bonyeza Get Noise Profile. Kisha chagua rekodi nzima, rudi palepale, bonyeza OK. Usikaze sana, utasikika kama unaongelea ndani ya pipa. Sauti ya juu kabisa isipite -6 dB, na nakala ya WAV (sauti isiyobanwa) itunze kabla hujatoa MP3.

Baharia wa Kigamboni: Ukipata hela baadaye kuna Reaper, dola 60, unaijaribu siku 60 kwanza.

Mleta uzi: Imekubali wakuu! Na muziki?

Dada Mkavu: Uweke kwenye traki ya pili, uushushe hadi usikike kwa mbali. Uchukue kwenye Audio Library, maktaba ya muziki ya YouTube yenyewe, usije ukapigwa madai ya hakimiliki.