Naombeni msaada kwenye hesabu ya PAYE (kodi ya mshahara), salary slip yangu inanichanganya

Wakuu habari za jioni, kuna kitu naomba mnieleweshe. Basic yangu ni laki nane na nusu, sina allowance yoyote, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 nakatwa 85,000, hiyo sina shida nayo. Shida ni PAYE, kwenye slip imeandikwa 90,500 🤔

Mimi navyojua NSSF inatolewa kwanza ndo kodi inapigwa kwa kinachobaki, yaani 765,000. Jana nikakaa na kikokotoo cha simu, kuanzia 760,000 mpaka milioni ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi, kwangu kimezidi 5,000 tu, kwa hiyo 1,250, jumla 69,250. Sasa hiyo elfu 21 na ushee imetokea wapi? Nikajaribu kupiga kwa 850,000 nzima bila kutoa NSSF, ikaja 90,500 ile ile!!

Jamaa wa ofisini ananiambia nishukuru, eti ukiingia asilimia 25 wanakata mshahara wote, ningelipa laki mbili na kitu. Hapo nahisi ananipiga kamba.

Je nimfuate mhasibu na karatasi yangu, au kuna kitu nimeruka? Na zile za miezi ya nyuma zinarudishwaje?