Maonyesho ya visu Atlanta kwa mara ya kwanza: nijiandae vipi?

Kutoka: Mdogo wenu, Louisville

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Nafanya kazi jikoni kwenye mgahawa hapa Louisville. Visu tunavyotumia ni vya mgahawa: kila mtu anashika, kila mtu anaharibu makali. Mpishi wetu mkuu ameniambia nikitaka kisu changu mwenyewe, nitakachozeeka nacho, nisikimbilie dukani, bali niende Blade Show kule Atlanta mwezi wa Juni nikaonane na wahunzi wenyewe. Ni mwendo wa saa sita na ushee kwa gari, mafuta na malazi juu yangu, kwa hiyo sitaki kufika nikazubaa.

Nimeweka pembeni dola 400. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua, au watataka karatasi? Bei zinapatanwa kama Kariakoo? Kurudi nacho kwenye gari, Georgia hadi Kentucky, kuna tatizo? Halafu mimi ni Mwislamu, na nimesikia mipini mingine ni ya pembe na mifupa. Mwenye uzoefu anisaidie.

*

Kutoka: Baba Mapacha, Marietta

Marahaba mdogo wangu, na karibu sana Georgia. Umegusa jambo ninalolipenda. Nimekulia Sumbawanga, ambako wazee wa Kifipa walikuwa wakiyeyusha chuma katika malungu, yale matanuru marefu ya udongo, kwa hiyo nikiona mtu anafua chuma miguu yangu hugoma kuondoka. Maonyesho hayo huwa nakwenda kila nikipata ruhusa kazini.

Kwanza ondoa hofu ya karatasi. Masharti ya uhamiaji unayoyasikia ni ya bunduki. Kisu hakina fomu ya serikali kuu ya kujaza wala hakuna atakayekuuliza hadhi yako ya ukaazi. Unalipa, unapewa, unaondoka.

Maonyesho ni Ijumaa hadi Jumapili, mwanzoni mwa Juni. Kwa miaka mingi yamefanyika Cobb Galleria, jirani na kwangu, lakini kumbi hubadilika. Soma tiketi yako kabla hujaingiza anwani kwenye simu. Ndani kuna makampuni yenye vibanda vikubwa na taa kali, wanaouza visu vya kiwandani. Hao wapite, utawakuta hata mtandaoni. Wako ni wale waliokaa nyuma ya meza zilizopangwa safu kwa safu. Mezani kuna visu kumi, vitano, wakati mwingine viwili tu, na aliyekaa hapo ndiye aliyevifua, akavinoa, na mara nyingi ala ameishona yeye mwenyewe. Kitu unachokifuata Atlanta ni hicho: kumuuliza mtengenezaji ana kwa ana. Picha ya kisu unaweza kuiona ukiwa kitandani kwako.

Milango ikifunguliwa Ijumaa utaona watu wanakwenda mbio. Wanawahi mafundi wenye majina makubwa. Wengi wa mafundi hao huuza kwa bahati nasibu: unaandika jina kwenye karatasi, linatiwa kwenye boksi, likitoka ndipo unapata nafasi ya kununua. Kwa bajeti yako usijishughulishe huko. Ijumaa yote tembea, shika, uliza, andika namba za meza. Nunua Jumamosi asubuhi, ukishalala na kuamka bado unakitamani kisu kilekile.

Adabu ya mezani ina uzito. Usichukue kisu kabla ya kuuliza kama unaweza kukishika, hata kama wenzako wananyakua. Ukiruhusiwa, kishike mpini tu. Bapa usiliguse, kwa sababu jasho la vidole lina chumvi na chuma kisicho cha pua huanza kushika kutu hapo hapo. Ndiyo maana utaona fundi ana kitambaa mkononi muda wote. Usijaribu makali kwa kidole gumba, usinyoe nywele za mkono. Ukimaliza kirudishe mezani taratibu, usimpe mtu ncha. Picha, omba. Na akija mnunuzi wakati wewe unapiga soga, sogea pembeni, maana meza ile fundi ameilipia na siku ni tatu tu.

Kuhusu kupatana bei, ushauri wangu wa dhati: usifanye Kariakoo. Aliyefua kisu kile ameshapiga hesabu ya chuma, gesi ya tanuru, misasa na siku alizoinama. Ukimtajia nusu ya bei unamwambia kazi yake haina thamani, na mazungumzo yanaishia hapo. Jumapili mchana wapo wanaopenda kupunguza kuliko kurudi na mzigo. Hata hapo uliza mara moja, kwa upole, na akikataa shukuru. Beba fedha taslimu. Wengi wanapokea kadi siku hizi, lakini ndani ya ukumbi uliojaa mtandao hukwama.

Sasa kukikagua kisu. Hapa usione haya kuchukua muda wako. Kiinue usawa wa jicho, mgongo wa kisu ukiwa juu, utazame kuanzia kwenye mpini hadi nchani: mstari ukipinda hata kidogo utauona. Kigeuze, tazama pande zote mbili pale makali yanapoanzia karibu na mpini. Fundi makini huacha mikato miwili inayolingana. Kisha kielekeze kwenye taa ya dari, utazame pale bapa linapoingia kwenye mpini. Ukiona mwanga unapenya kama uzi, maji ya jikoni nayo yatapenya, na ndani ya miezi michache msuka, yaani chuma kilichoingia ndani ya mpini, utaoza kwa kutu bila wewe kujua. Mwisho funga macho, upitishe kidole kwenye maungio ya mpini. Macho hudanganywa na mng'aro, kidole kitakuambia kama mbao na chuma vimekutana sawasawa au kuna ngazi. Ukishika kwa mkono wa kazi, jiulize kama utakishika hivyo kwa saa nane za kukata vitunguu.

Maswali ya kumuuliza ni machache. Chuma gani? Atakutajia namba. 1095, 1084, 52100, 80CrV2 ni vyuma vya kaboni: vinanoleka kwa urahisi, makali yake ni matamu, ila vinashika kutu na kubadilika rangi ukikata ndimu au nyanya. AEB-L na MagnaCut, ambacho kilitoka mwaka 2021, vinastahimili kutu. Kwa jikoni la mgahawa, ambako kisu hulala chini ya nyanya ukiitwa ghafla, mimi ningechukua kinachostahimili kutu. Wapishi wengi watanibishia, lakini wao wanafuta kisu kila baada ya mkato, na wewe najua zamu zenu zilivyo.

Muulize pia anavyokitia maji, yaani kukipasha na kukizimisha, na ugumu wake unafika wapi kwenye kipimo cha Rockwell. Chuma kama 1084 hupashwa hadi nyuzi 815 hivi za Selsiasi, kikazimishwa ghafla kwenye mafuta, halafu kikarudishwa kwenye joto la karibu nyuzi 200 ili kipunguze ukavu kisije kikavunjika. Kwa kisu cha jikoni ugumu wa 60 hadi 62 ni mzuri. Hutakiwi kuelewa yote. Sikiliza tu anavyojibu. Anayeifahamu kazi yake ataeleza kwa furaha hadi ukose pa kukimbilia. Anayebabaika kwenye swali hilo, mwachie kisu chake.

Vile visu vyenye mawimbi kama maji ni vya damaski. Mara nyingi ni chuma cha 1084 na 15N20 vilivyofuliwa pamoja, vikakunjwa mara nyingi, kisha vikachovywa kwenye tindikali: 15N20 kina nikeli, hubaki king'avu, mwenzake huwa mweusi. Ni kazi ya kupendeza na bei yake inalingana. Makali hayaongezeki kwa sababu ya mawimbi, kwa hiyo kwa dola 400 usilipie urembo huo.

Ukiona herufi JS au MS zimegongwa kwenye bapa, fundi huyo amefaulu mitihani ya American Bladesmith Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1976. JS ni daraja la kwanza, MS ni la juu. Mtihani wa kwanza wenyewe ni mzito: kisu kimoja kikate kwa pigo moja kamba ya inchi moja inayoning'inia, kikate mbao mbili za ujenzi, kisha bado kinyoe nywele, na hatimaye kikunjwe kwenye jiliwa hadi nyuzi 90 bila kuvunjika vipande. Kisu hicho hakiuzwi tena, kimekufa mtihanini. Lakini anayefanya hivyo mbele ya mwamuzi ameonyesha anakielewa chuma. Hata hivyo wapo mafundi hodari wasio na herufi hizo, hasa wa visu vya jikoni.

Mpini sasa, na swali lako la dini ni la msingi. Utakutana na pembe ya ngiri, wanaipenda sana huku kwa mapambo, na ngiri unajua ni jamii ya nguruwe. Ala nazo, nyingine zimetiwa bitana ya ngozi ya nguruwe. Uliza moja kwa moja, "Mpini huu ni wa nini? Ala hii ni ngozi gani?" Hawachukii, wanaulizwa kila saa. Pembe ya ndovu iepuke kabisa: Marekani ilikaza sheria ya biashara hiyo Julai 2016, na majimbo kama New York na California yamezuia hata pembe ya mamothi, ndovu wa kale waliokwisha kutoweka. Kwa mpishi, mikarta na G10, yaani kitambaa au nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu, hazinyonyi maji kirahisi wala hazina mnyama ndani yake.

Ila utauona mpingo, mdogo wangu. Huku wanauita mti mweusi wa Afrika na upo kwenye meza nyingi: mweusi tii, mzito kiasi cha kuzama majini, na ukisuguliwa vizuri unang'aa bila rangi. Usipite kimya. Mwambie fundi unatoka kwenye nchi ya mti huo, kwamba ndio Wamakonde wanaouchonga, na muulize ameupata wapi. Tangu Januari 2017 mpingo na karibu jamii yake yote imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na muuzaji mbao mkweli anajua alikotoa mzigo wake. Nasema hivi kwa uchungu: mti ule huchukua miongo mingi kukomaa, na ningependa kila anayeupigilia kwenye kisu ajue unatoka misitu ya nani.

Barabarani usiwe na wasiwasi. Kiache kwenye boksi lake, ndani ya buti, pamoja na risiti. Georgia tangu mwaka 2017 inaanza kukihesabu kisu kuwa silaha pale tu bapa linapozidi inchi 12, na hutanunua panga. Ukisimamishwa na polisi, mikono kwenye usukani, na usipapase kitu. Onyo langu kubwa liko kwingine: usije ukasahau kisu kwenye begi siku unayokwenda ofisi za uhamiaji. Kwenye majengo ya serikali kuu, kisu chenye bapa la inchi mbili na nusu au zaidi kinahesabiwa silaha, na hiyo ni kesi. Vivyo hivyo shule za watoto. Kwenye ndege, ni mzigo wa chini tu, kikiwa kimefungwa vizuri asije akakatika mkaguzi.

*

Kutoka: Shangazi, Leicester

Baba Mapacha, asante, nimesoma hadi mwisho. Naongeza kwa walio huku Uingereza ili vijana wasichukulie kwamba sheria ni moja. Huku kutembea na kisu barabarani bila sababu ya maana ni kosa, isipokuwa kile cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 na kisichojifunga kikifunguliwa. Mpishi anayekwenda kazini na visu vyake ana sababu, lakini avifunge kwenye mkoba wake na aende moja kwa moja, asipitie klabu. Vile vya kuruka kwa kubonyeza kitufe ni marufuku hata kuviweka nyumbani. Msiwanunulie wapwa zangu zawadi hizo huko Atlanta mkawaletea balaa uwanja wa ndege.

*

Kutoka: Mdogo wenu, Louisville

Nashukuruni sana wakubwa. Shangazi, nimekusikia. Baba Mapacha, moja limebaki: kwa dola 400 kweli nitapata cha mkono, au nitarudi na kofia?

*

Kutoka: Baba Mapacha, Marietta

Utapata. Tafuta mafundi wachanga walio kwenye meza za pembeni, wanaofanya visu vya jikoni pekee. Omba kisu cha mpishi cha inchi 8, cha chuma kimoja kisicho cha damaski, mpini wa mikarta, bila nakshi. Ukikosa kinachokukaa mkononi usinunue kwa kulazimisha. Mpe fundi uliyempenda vipimo vya mkono wako, mkubaliane bei na mwezi wa kukamilisha, mwandikishiane, na malipo ya awali yawe madogo. Wengi wanapokea oda hivyo, na atakutumia Louisville kwa posta. Bakiza dola 40 za jiwe la kunolea, maana kisu kizuri bila kinoo kinakuwa butu kama vingine.

Malazi acha kutafuta hoteli, chumba cha wageni kipo. Niandikie pembeni ukijua unafika Alhamisi au Ijumaa. Mpishi wako naye aje, ila mwambie mapema kwamba Ijumaa jioni tunakula ugali na samaki.