Uwanja usio na mnara: pikapu, trekta la nyasi na ndege ndogo kwenye njia moja

MstariWaKati
Wakuu, habari za kazi. Uwanja una njia moja ya kurukia, 09/27 (namba za mwelekeo: 09 ni kuelekea mashariki, 27 magharibi), mita 1,050 kwa 30, na hauna mnara wa kuongozea ndege. Zinazotua ni ndege za mafunzo, za kukodi za injini moja, na mara moja moja ndege ya wagonjwa. Ardhini kuna pikapu ya ukaguzi na trekta la kukata nyasi. Waraka wa madereva unasema: tangaza redioni, subiri sekunde 10, usipojibiwa ingia. Unatosha huo? Na trekta likifanya kazi kando ya njia saa tatu mfululizo, litangaze kila mara au njia ifungwe? Naomba vitu vinavyotekelezeka, "kuwa makini" tayari imo.

Kimulimuli_Njano
Futa kwanza hiyo "usipojibiwa ingia". Kimya redioni kina maana nyingi, na kutokuwepo kwa ndege ni mojawapo tu. Rubani anaweza kuwa bado yuko kwenye masafa ya kituo alichokuwa akiongea nacho, au amepunguza sauti, au ndege yake haina redio kabisa. Halafu kumbuka redio za anga ni AM: wawili wakibonyeza kwa pamoja hawasikiki vizuri wote wawili, watu wengine wanapata mluzi au mkoromo tu. Dereva akisikia mluzi huo ahesabu kwamba kuna mtu alikuwa anasema jambo ambalo halikufika.

Hata jibu lenyewe si ushahidi. Tarehe 19 Novemba 1996 huko Quincy, Illinois, uwanja usio na mnara, ndege ya abiria iliyokuwa inatua iliuliza kama ndege iliyo kwenye njia inayokatiza inataka kuruka. Sauti iliyojibu ilikuwa ya ndege ya tatu iliyokuwa inasubiri nyuma, na jibu lenyewe lilikatizwa na king'ora cha ndani ya ndege. Aliyekuwa anatua akadhani amejibiwa na aliyemuuliza. Watu 14 walikufa. Zilikuwa ndege kwa ndege, lakini tatizo la redio ni lile lile utakalolipata na pikapu.

Mpangilio wa kuandika kwenye waraka:

Simama kabla ya mstari wa kusubiri, si juu yake. Zima muziki, shusha vioo vyote viwili. Sikiliza masafa dakika moja nzima kabla ya kusema chochote. Kisha tazama mwisho wa 09, mwisho wa 27, na upande wa mzunguko (ndege zinakozungukia kabla ya kutua), halafu rudia mwisho wa kwanza. Hapa pana mtego: ndege inayokuja moja kwa moja kwako haionekani ikisogea angani. Inakaa pale pale kama doa na kukua polepole, na jicho huwa linakamata kitu kinachokwenda. Kwa hiyo kila mwisho utazamwe kwa kutulia sekunde kadhaa, kutupa jicho hakusaidii.

Tangazo lianze na liishe kwa jina la uwanja, maana viwanja jirani huweza kutumia masafa yale yale: "[Uwanja], Gari 2, kiungio A (njia ya kuingilia), navuka njia 09/27 kwenda kusini, [Uwanja]." Ukishavuka mstari wa upande wa pili: "Gari 2 nimetoka njia 09/27." Usiseme "njia iko wazi". Dereva hana mamlaka ya kuitoa njia, na rubani mchanga anaweza kuichukua kama ruhusa. Tumia lugha ambayo marubani wa hapo wanatumia hewani, hata kama madereva itabidi wakariri sentensi sita.

Mita40
Naongeza hesabu, kwa sababu madereva huamini zaidi namba.

Njia ya daraja namba 2 kama yenu (madaraja hufuata urefu), isiyotumia vyombo vya kutulia, yaani rubani hutua kwa macho, mahali pa kusubiri pasipungue mita 40 kutoka mstari wa kati. (Daraja namba 1 ni mita 30, namba 3 na 4 ni 75.) Kutoka mstari hadi mstari ni mita 80. Pikapu kwa kilomita 40 kwa saa inatumia sekunde 7. Trekta kwa kilomita 10 kwa saa linatumia sekunde 29. Ndege ndogo inayokuja kutua kwa kilomita 120 kwa saa inakwenda mita 33 kila sekunde, yaani wakati trekta linavuka, ndege imekula karibu kilomita moja. Ndege ambayo dereva aliiona "mbali kule" ndiyo inayofika. Kwa trekta weka sharti kwamba ndege ikionekana au ikisikika popote kwenye mzunguko, halivuki.

Ukaguzi wa njia nzima, pikapu iende kinyume na upande ndege zinakotua siku hiyo, ili dereva azitazame usoni. Vioo vya nyuma viendelee kuangaliwa, kwani upepo ukiwa hafifu mtu huamua kutua upande wa pili bila kumuuliza yeyote. Na kila mara dereva ajue atatokea wapi: kushoto au kulia, nyasi kavu au tope. Gari lililokwama kwenye tope mita 20 kutoka mstari wa kati bado ni kizuizi.

Drafti_90
Vifaa. Kimulimuli cha njano juu kabisa ya gari, mimweko 60 hadi 90 kwa dakika, kionekane pande zote. Kikifungwa nyuma ya keria ya ngazi hakina kazi. Mchana bendera ya sentimita 90 kwa 90, miraba ya sentimita 30 kama ubao wa drafti, nyekundu na nyeupe au rangi ya chungwa na nyeupe. Trekta la kijani kwenye nyasi za kijani ndilo baya kuliko yote, kwa hiyo lipate vyote viwili.

Redio ya mkononi ndani ya kabini ya chuma ya gari hupoteza nguvu nyingi. Funga antena juu ya paa. Kwenye trekta, injini na visu vinafunika spika, lazima dereva avae visikizi vya kuziba masikio vilivyounganishwa na redio. Jaribio la redio lifanywe kabla ya kutoka, na mtu mwingine, huku injini inanguruma. Angalia pia kitufe cha kuongea kisibane chini ya mkanda wa kiti: kikibana, mtu mmoja anaziba masafa ya uwanja mzima na yeye mwenyewe hasikii kitu.

MkiaChini
Kutoka upande wa rubani: msitegemee kuonekana. Ndege za gurudumu la mkiani zikiwa chini, pua inaziba njia yote ya mbele. Hata za gurudumu la puani huinua pua sekunde za mwisho kabla ya kugusa. Jua la jioni kwenye 27 linafuta pikapu kabisa, kimulimuli kikiwaka au kisiwake.

Kuhusu trekta, mimi nafunga njia. Saa tatu za kutangaza kila dakika tano, baada ya nusu saa hakuna anayesikiliza tena, dereva mwenyewe akiwemo.

Mita40
Hapo sikubaliani sana, @MkiaChini. Kufunga saa tatu kwa ajili ya nyasi zilizo mita 60 kutoka mstari wa kati ni kupoteza siku. Nje ya mita 40, likate nyasi na redio ikiwa wazi. Ndani ya mita 40, sawa, funga, lakini kwa vipande vya dakika 45 hivi.

MkiaChini
Sawa, ila pale mstari wa mita 40 uwekewe vigingi vyepesi vinavyovunjika. Kwa macho, dereva wa trekta hupungukiwa mita 10 bila kujua.

MstariWaKati
Asanteni sana. Nikifunga, NOTAM (tangazo rasmi kwa marubani) peke yake inatosha? Na ndege ya wagonjwa ikija ghafla?

Kimulimuli_Njano
Haitoshi. Asiyesoma NOTAM atakuja tu. Weka alama ya X nyeupe kila mwisho wa njia, ya kitambaa kizito iliyofungwa vizuri, na taa za njia zizimwe. Saa za NOTAM huandikwa kwa UTC, saa moja ya dunia nzima. Kosa la kuandika saa za hapo ulipo hufungua njia wakati trekta liko katikati.

Kwa ndege ya wagonjwa, weka mwangalizi mmoja asiyekata nyasi: ana redio yake, simu ambayo namba yake imo kwenye NOTAM, na kazi yake ni kutazama anga tu. Akikubaliana na trekta ishara moja ya macho, mfano pikapu kupita mbele yake taa zikiwaka, redio ikifa bado kuna namna ya kumwita. Honi haisikiki, usiiandike. Kabla ya kuondoa X, mtu atembee njia nzima kwa miguu: visu hurusha mawe na mabonge ya nyasi juu ya lami, na jiwe la ukubwa wa yai linatosha kuharibu propela.

Kama taa za uwanja huo huwashwa na rubani kwa kubonyeza redio, andika na hili: taa zikiwaka na hakuna aliyeziwasha ardhini, dereva atoke kwenye njia kwanza, maswali baadaye.