Mtoto mwenye usonji hakubali kuguswa mdomoni na jino limeoza. Naombeni ushauri

Mama K, Segerea

Habari zenu wapendwa. Nahitaji ushauri wa waliopitia hili, na kama kuna wataalamu wa kinywa na meno humu nitashukuru sana.

Mwanangu wa kiume anaingia miaka saba. Ana usonji, bado hasemi, na ana kifafa ambacho anatumia dawa ya maji asubuhi na usiku. Siku za karibuni ameanza kujipiga shavu la kulia kwa kiganja, usiku anaamka akilia, na chapati, chakula anachokipenda kuliko vyote, anaitia mdomoni, anaisukumia upande wa kushoto, kisha anaitema. Nilisubiri alale nikammulika kwa tochi ya simu. Gego la chini kulia lina tundu jeusi, na kwenye fizi pembeni yake kuna kijipu kidogo.

Kumpiga mswaki ni vita. Povu likigusa ulimi tu anatapika. Tulikwenda kliniki moja hapa Dar. Foleni ndefu, mashine inanguruma chumba cha ndani, mtoto mwingine analia, hadi tunaitwa wangu alishavurugika kabisa. Tukaambiwa waitwe watu wanne wamkandamize. Nilikataa. Tukaambiwa basi tumrudishe siku akiwa ametulia.

Mama mkwe anasema tuache, ni meno ya utoto, yatang'oka yenyewe. Je, kweli tusubiri? Na nusu kaputi ni salama kwa mtoto mwenye kifafa?

Baba Neema, Usa River

Pole sana dada. Umefanya vema kukataa. Binti yangu naye ana usonji, alikandamizwa hivyo hivyo, na baada ya pale hata nesi wa chanjo hakuweza kumsogelea.

Kilichotusaidia ni kumzoesha kidogo kidogo. Tulimwomba daktari mwingine tuje asubuhi sana, kabla ya wagonjwa, bila kutibiwa chochote. Siku ya kwanza tuliishia mlangoni. Safari iliyofuata alikaa kwenye kiti, akapandishwa, akashushwa, tukaondoka. Baadaye daktari alitoa kile kioo kidogo, akakigusisha kwenye ukucha wa mtoto kwanza, kisha kwenye jino la mama yake, ndipo kwenye jino lake. Mke wangu alikuwa amepiga picha za mlango, kiti, taa, na daktari mwenyewe akiwa na barakoa na bila barakoa, akazipanga kwa mfuatano tukawa tunazipitia naye jioni.

Nyumbani tunahesabu kwa sauti moja hadi kumi. Kumi ikifika, mswaki unatoka mdomoni hata kama hatujamaliza, halafu tunaanza tena. Akishajua kuna mwisho, anavumilia. Huo mwisho usimdanganye hata mara moja.

Ila jino lenye jipu lisisubiri mazoezi haya.

Shangazi Tee

Chovya pamba kwenye mafuta ya karafuu, au saga aspirini umwekee kwenye tundu. Maumivu yanakata palepale.

Tabibu wa Meno

Shangazi, najua nia yako ni njema, lakini naomba Mama K asifanye lolote kati ya hayo. Aspirini ikikaa kwenye fizi inaunguza nyama, na watoto hawapewi aspirini bila maelekezo ya daktari. Mafuta ya karafuu yanawasha, na kwa mtoto asiyestahimili hata povu la dawa ya meno utakuwa umemwongezea mateso. Mpe paracetamol kwa kipimo cha uzito wake wakati mnatafuta tiba.

Sasa nije kwako Mama K. Mtoto asiyesema anaeleza maumivu kwa tabia: kujipiga, kuuma nguo, kukataa chakula kigumu, kuamka usiku. Wengi huambiwa "ni usonji wake huo" na jino linaendelea kuoza. Wewe umeona, na hilo ni jambo kubwa.

Kuhusu kusubiri: magego ya utoto hung'oka kati ya miaka 9 na 12, kwa hiyo mama mkwe anamwombea mtoto miaka miwili au zaidi ya maumivu. Halafu kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Karibu na miaka 6 gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Watu hudhani ni la utoto. Likitolewa, halioti jingine. Daktari lazima ahakikishe ni lipi kabla ya kuligusa.

Jipu kwenye fizi maana yake uozo umefika kwenye kiini cha jino. Wiki hii hii aonwe. Na akipata homa, uvimbe ukapanda kuelekea jicho au kushuka shingoni, au akashindwa kumeza, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Kuhusu nusu kaputi: kifafa peke yake hakizuii. Kwa mtoto kama wako mara nyingi ndiyo njia ya huruma zaidi, kwa sababu akishalala meno yote yanakaguliwa, yanayozibika yanazibwa na lisilookoka linatolewa, yote kwa safari moja. Inafanyika hospitali kubwa yenye chumba cha upasuaji na mtaalamu wa usingizi wa watoto, kwa hiyo omba barua ya rufaa.

Matundu madogo yasiyouma yana njia nyepesi. Kuna dawa ya matone yenye madini ya fedha na floridi, inapakwa kwa kijiti kidogo chini ya dakika moja, inasimamisha uozo bila sindano wala mashine. Sehemu iliyooza inabaki nyeusi, mzazi aelezwe mapema. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Pia kuna ule uzibaji wa kukwangua kwa vifaa vya mkono tu, ambao asili yake ni hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980. Hauna mngurumo hata kidogo, na kwa watoto wanaoogopa sauti mimi ndio ninaouchagua kwanza.

Bi Rukia, Mombasa

Pole mamangu, Mungu atamsahilishia. Binti yangu ana sindromu ya Down na tundu kwenye moyo. Nataka kuwaambia wazazi wa watoto kama wangu: mwambieni daktari wa meno habari za moyo kabla hajagusa chochote. Wengine huhitaji kupewa antibiotiki kabla ya jino kung'olewa, na mtu wa mapokezi hatakuuliza.

Mlezi, Mbeya

Kwa wenye watoto wa mtindio wa ubongo: msimlaze chali kumpiga mswaki, anaweza kupaliwa. Mimi nakaa nyuma yake, kichwa kinaegemea kifua changu, kidevu kimeinama kidogo. Dawa ya meno kidogo sana, nikimaliza nafuta kwa kitambaa safi chenye unyevu. Napitisha na kidole ndani ya mashavu, maana chakula hubaki humo hadi asubuhi.

Mama K, Segerea

Nawashukuru sana. Tumepata rufaa, kesho kutwa tunaonana na daktari wa meno wa watoto. Nimepiga simu na wamekubali tuwe wa kwanza asubuhi. Maswali mawili. Dawa yake ya kifafa ni fenitoini, na naona fizi za mbele zimenenepa hadi zinafunika meno. Vinahusiana? Na nifanye nini na hilo povu?

Tabibu wa Meno

Vinahusiana. Fenitoini hunenepesha fizi kwa baadhi ya wanaoitumia, na hali huwa mbaya zaidi meno yakiwa na uchafu. Usiisimamishe wala kupunguza mwenyewe, degedege linaweza kurudi kwa nguvu. Mweleze daktari wa kifafa, ndiye atakayeamua kama ibadilishwe. Dawa nyingi za maji zina sukari, kwa hiyo ya usiku mpe kabla ya mswaki, isiwe baada yake.

Povu: anza na mswaki laini wenye maji matupu hadi aukubali. Kisha paka dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, isiyo na ladha kali ya minti, na uongeze taratibu hadi punje ya njegere. Angalia kwenye boksi iwe na floridi isiyopungua 1000 ppm. Asisukutue, ateme tu, na asipoweza kutema mfute.

Nesi wa Usingizi

Naongezea kwa siku ya nusu kaputi. Chakula kigumu kwa kawaida huzuiwa saa 6 kabla, nao watakupa muda wao kamili, ufuate huo. Dawa ya kifafa ya asubuhi usiiache kwa kuwa tu mtoto hatakiwi kula. Waulize mapema, mara nyingi hupewa na maji kidogo. Waambie hasemi, na uombe uwe pembeni anapolala na anapoamka. Beba blanketi lake na kitu anachopenda kushika, na kama kelele zinamsumbua, vile vizibo vya masikio vya kuvaa kichwani.