Hivi bangi ikiruhusiwa vijana wataichoka au ndio wataivamia?

MtuWaMakorora (mleta mada)

Wakuu heshima yenu. Nipo Tanga hapa, jana nimeenda kunyoa, nimenyolewa nusu kichwa mashine ikazimwa, si umeme uliokatika, ni kinyozi mwenyewe kaizima ili abishane vizuri na mteja aliyekuwa kwenye benchi anasubiri zamu. Mada bangi. Kinyozi anasema hawa watoto wanavuta kwa vile imekatazwa, ule utamu wa kujificha nyuma ya ukuta wa shule na kukimbizwa na polisi ndio unaowapa ujiko, siku serikali ikiruhusu ikauzwa dukani kama sigara basi mchezo umeisha, itakuwa kitu cha wazee tu. Akatoa mfano wa Uholanzi kwamba kule inauzwa kwenye migahawa toka miaka ya 70 na vijana wao wapo fresh tu. Yule mteja, mwalimu mstaafu, alimjibu sentensi moja: "Bia nayo iko dukani, wameichoka?"

Nilicheka ila nikaondoka na mawazo, manake nina mtoto wa dada yangu nakaa naye, ana miaka 17, yupo form four, nimeshamnusa mara mbili na mara zote kaniambia ni moshi wa jikoni kwa mama ntilie. Sasa nyie mnaoishi kwenye nchi zilizoruhusu, au mliowahi kuona kitu kikiruhusiwa au kikikatazwa kwa macho yenu, mvuto kwa vijana unapungua kweli? Sitaki za kwenye kampeni, nataka mlichokiona.

kijiwe_no_5

Mtoto akililia wembe mpe. Ukimkata ataacha mwenyewe. Ruhusuni watu wapumzike.

Umm Salim Kisauni

Alosema methali hiyo hakuwa na mtoto Kisauni, nakuapia.

Mleta mada mimi n'ko Mombasa na sitakwambia bangi, n'takwambia muguka, yale majani ya kutafuna ya kuchangamsha, ndugu wa miraa. Muguka ni halali hapa Kenya, ni zao linalotambulika kisheria, wakulima wa Mbeere huko Embu wanalipanda mchana kweupe na magari yanashuka Pwani kila siku mbio mbio manake majani yakilala yamekufa. Hakuna polisi wa kumkimbia wala ukuta wa kujificha. Basi kwa hesabu ya huyo kinyozi wako vijana wetu wangekuwa washauchoka zamani, au sivyo? Toka kwangu mpaka steji ya matatu, mwendo wa dakika nne, nlihesabu vibanda vitatu. Mfuko wa shilingi hamsini. Hamsini! Mtoto akinyimwa nauli ya kurudi akija kwa miguu kashanunua.

Wangu mimi nlimjua kwa nguo. Nafua suruali yake n'kitia mkono mfukoni natoa maganda ya njugu, bigijii tatu, na majani yamegandana kama mchicha ulochemshwa ukasahauliwa. Kumbe ndo mana hali chakula cha usiku, ndo mana saa nane usiku yuko macho anapanga viatu. Kupanga viatu! Mtoto ambaye mchana humwambii okota taulo akasikia. Nlipomuuliza akaniambia mama hii si dawa ya kulevya, hii ni halali, hata waziri anajua. Sasa huo uhalali ndo ulokuwa ngao yake, si ulomchosha.

Mwezi wa tano 2024 gavana wetu akapiga marufuku, Kilifi na Taita Taveta nao wakafuata, tukapiga vigelegele. Haikufika mbali. Watu wa Embu wakapiga kelele, na wao wana haki yao manake watoto wao wanasomeshwa na majani hayo hayo, rais akasema amri za kaunti haziwezi kupindua sheria ya nchi, na mahakama ya Embu ikasimamisha. Zile siku chache pale mtaani kwetu vibanda vilifungwa mlango wa mbele, wa nyuma ukawa wazi. Kwa hivyo mimi hata marufuku sikuiona ikifanya kazi, lakini msiniambie kuruhusu ndo dawa.

NipoBaridini

Salaam kutoka Toronto. Mleta mada kwanza mrekebishe kinyozi wako, Uholanzi haijawahi kuruhusu bangi moja kwa moja, wanaifumbia macho tu. Sheria yao ya 1976 iliitenga bangi na dawa kali halafu zikaachwa zile coffeeshop ziuze, gramu 5 kwa mtu, chini ya miaka 18 huingii, kujitangaza marufuku. Na kwa miaka mingi duka limekuwa likiuza mlango wa mbele kwa ruhusa halafu likinunua mlango wa nyuma kwa magendo, sasa hicho utakiita nini.

Huku Kanada ndio waliruhusu kweli, tarehe 17 Oktoba 2018, nilikuwepo. Umri unategemea mkoa, hapa Ontario 19, Quebec walianza na chini ya hapo wakapandisha mpaka 21. Mimi nilitegemea siku hiyo mji utakuwa kama Kingston ya Jamaika, kumbe foleni ilijaa watu wa makamo wenye koti za ofisini. Duka la mtaani kwetu vioo vyake unapita nje huoni ndani, ukiingia kuna dada anataka kitambulisho hata kama una mvi (aliniomba mimi, nina miaka 51, nilifurahi sana), paketi hazina picha wala rangi, limebandikwa onyo la njano ambalo ni kubwa kuliko jina la bidhaa. Hakuna ujiko hapo hata kidogo, unajisikia kama umeenda kununua dawa ya fangasi.

Kijana wangu ana 16, nilimuuliza mezani akaniambia "weed ni ya kina bibi." Kinyozi angeshangilia! Ila subirini. Wiki hiyo hiyo nimekuta kwenye begi lake kitu kama flashi ya kompyuta, rangi ya chungwa, kinanukia embe. Vape, ile sigara ya umeme. Ya nikotini, nayo ni halali kwa wakubwa. Sasa vyote viwili ni halali na vyote viwili mtoto wa 16 haruhusiwi kununua, kimoja kinamchosha kingine kinamtoa udenda, tofauti ni nini kama si ile embe na ile rangi na kile kimo cha kufichika kwenye kiganja?

Na takwimu za huku kwa jumla ndivyo zinavyosema, vijana wa shule hawakuivamia bangi baada ya 2018 ila hawakuikimbia pia, walioongezeka ni watu wazima. Kilichoharibika ni pale waliporuhusu pipi na biskuti zenye bangi, watoto wadogo kabisa wakaanza kukimbizwa hospitali kwa kuokota peremende za baba.

Dukani Mbagala

Naomba nami niseme, sijafika ulaya wala Kanada ila nimeuza viroba.

Wale wadogo ambao hamkuviona, kiroba kilikuwa pombe kali kwenye kifuko cha plastiki, unakichana kwa meno, unakamua mdomoni umemaliza. Shilingi 500 tu. Nilikuwa navitundika dirishani kama mkanda, pembeni yake sabuni ya unga ya paketi ndogo, chini yake pipi. Asubuhi saa kumi na mbili wateja wangu wa kwanza walikuwa bodaboda na makonda. Jioni wanakuja madogo wa sekondari, sweta kalivaa ndani nje ili nembo ya shule isionekane, anasema "bro nipe ya baba." Baba gani anakunywa viroba viwili kila siku saa kumi jioni? Nilikuwa nawapa. Nawaambia ukweli, nilikuwa nawapa, kodi ya fremu ilikuwa inanisubiri.

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ikapiga marufuku vifuko. Sasa sikilizeni vizuri hapa manake ndio jibu la mleta mada kwa mimi ninavyoona. Pombe haikukatazwa hata tone! Ile ile pombe, kiwanda kile kile, ilibaki halali kwenye chupa. Lakini chupa huwezi kuitia kwenye soksi, na chupa haiuzwi mia tano, ni hela ambayo dogo hana mpaka wachangishane wanne. Ndani ya wiki mbili wale madogo sikuwaona tena dirishani. Wengine walihamia kwenye gongo, sitaki kuwadanganya, ila si wote na si karibu na wote.

Kwa hiyo mimi mtu akiniambia bangi iruhusiwe au isiruhusiwe simjibu kwanza, namuuliza itauzwa kwenye nini, na shilingi ngapi, na dirisha lipi. Ukiruhusu msokoto wa mia tatu utundikwe pale pale kwenye mkanda wangu, hakuna dogo atakayechoka mkuu. Ukiruhusu kama anavyosema huyo wa Kanada, duka moja kata nzima, kitambulisho, bei ya maana, labda.

Halafu tujiulize hapa bongo nani atasimama mlangoni kuomba kitambulisho. Mimi?

Mpare wa Milimani

Mkuu wa Mbagala umeongea. Mimi natokea Same, kwetu mirungi ni haramu kama bangi, DCEA, wale wa mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, wameshapanda milima yetu mara kadhaa wanang'oa mashamba. Ng'ambo ya mpaka mmea huo huo unaitwa miraa na ni zao halali. Sasa ingekuwa katazo ndio linaleta hamu, vijana wa Same wangekuwa wanatafuna kuliko wa Mombasa. Kwa macho yangu sio hivyo, wanaotafuna wapo tena wengi tu ila gomba (ndio mirungi hiyo) bei juu na lazima umjue mtu. Dogo wa form two hamjui mtu.

Ila gharama yake tuseme pia, nimeshuhudia kijana wa jirani akisombwa na operesheni kwa fungu dogo tu, alirudi kijijini ametoka na mambo ya jela ambayo mirungi isingemfundisha. Hapo ndipo wanaotaka kuruhusu wananipata kidogo. Sio hoja ya kuchoka.

otero_wa_eastlando

😂😂 Mnakumbuka Wajackoyah 2022, yule mgombea urais wa Kenya aliyeahidi kuhalalisha bhangi? Mtaani maboyz wote walikuwa wanaimba bhangi bhangi, ati tutalipa madeni ya nchi na bhangi, kila matatu ilikuwa na sticker yake. Siku ya debe akapata 0.44%. Vijana wa Kenya walipenda stori kuliko mmea, nawaambia. Kura wakalala nayo nyumbani.

kijiwe_no_5

@Umm Salim samahani mama, nilikuwa natania. Mimi mwenyewe wembe ulinikata.

MtuWaMakorora

Asanteni sana wakuu, sikutegemea. Leo nimerudi kwa kinyozi kumalizia (jana niliondoka na upande mmoja mrefu, mke wangu hajaacha kucheka) nikamsomea ya viroba. Akanyamaza, halafu akasema "ila Uholanzi..." nikamwambia nyoa.

Na kwa mtoto wa dada nimeacha kumnusa, nimeanza kumuuliza anainunua wapi na bei gani. Hajanijibu ila nimeona jioni anakwepa njia ya pale nyuma ya gereji nikiwepo, kwa hiyo wapi nishapajua.

Umm Salim, samahani kukurudisha kwako, yule kijana wako wa viatu aliacha?

Umm Salim Kisauni

Kapunguza. Ama kajua kufua suruali zake mwenyewe, sijui. Viatu havipangwi tena.