Mama Aulizwe Mwenyewe

Mama Salha (Muheza): Assalaam alaikum, wazee wangu na ndugu zangu. Mama yetu ameamka, ingawa maumivu ya mgongo hayakumpa usingizi hadi saa tisa usiku. Yale maswali ya kila wiki ya tiba shufaa, huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu, yameingia tena kwenye simu ya Kaka, kwa sababu kitochi cha Mama hakifungui programu ile, na Kaka amejibu kwamba maumivu ni ya wastani. Niwie radhi, kaka yangu, lakini hujamwona tangu Idi.

Kaka (Dar es Salaam): Nimekosa, dada. Swali lilikaa siku mbili, nikaogopa wasije wakadhani tumeacha huduma.

Shangazi: Waalaikum salaam. Mwanangu, jibu hilo ndilo wanalopimia mofini, dawa yake ya maumivu makali. Ukiandika wastani, dozi inabaki ile ile na wifi yangu anaendelea kuugulia. Nilipomuuguza marehemu mume wangu, muuguzi alimfundisha kujibu kwa mkono: ngumi maana yake hakuna maumivu, vidole vitano maana yake hayavumiliki. Hakujua kusoma, na hatukuwahi kubabaika.

Mjomba (Maskati): Basi nitamnunulia dada simu janja, tumwone kwa video kila jioni.

Mama Salha: Ahsante, Mjomba, lakini nilipomuuliza alisema haonekani na mtu kabla hajajitanda kanga, na hataki picha zake za kitandani zizunguke kwenye vikundi. Isitoshe, intaneti huku hushika chini ya mwembe tu, naye hafiki huko. Nimeelewana na muuguzi apige simu ya kawaida kila Jumatatu saa nne, kuanzia leo, wakati dawa ya asubuhi imeshamtuliza. Nitaweka spika, Mama ataonyesha vidole, nami nitataja idadi bila kuongeza la kwangu.

Shangazi: Swali la choo usiliweke kwenye spika. Mofini hufunga choo, na kwa haya zake hatalisema mbele ya wajukuu. Mpe simu sikioni, nawe utoke.

Kaka: Nimeomba namba yangu iondolewe, iwekwe ya kitochi.

Mama Salha: Muuguzi amepiga. Mama ameonyesha vidole vinne, na dozi imeongezwa. Sasa Mama anauliza ni nani aliyekuwa akimjibia wiki zote hizi.

Kaka: Mwambie ni mimi, na kwamba Ijumaa ninakuja.