Naomba ushauri: homa ya baridi yabisi imemrudia binti yangu

Shikamooni wakubwa, habari zenu ndugu zangu. Niko Tandahimba, Mtwara.

Binti yangu ana miaka 11, yuko darasa la tano. Mwaka juzi aliugua koo, kisha magoti yakavimba. Daktari akasema ni homa ya baridi yabisi na imegusa moyo kidogo. Akaanzishiwa sindano za penisilini kila baada ya wiki 4 ili homa isirudi.

Msimu wa korosho tulihamia shambani, sindano mbili zikapita bila kuchomwa. Hapo nilikosea, na inaniuma. Koo likamuuma tena, wiki mbili baadaye maumivu yakawa yanahama: leo goti, kesho kifundo cha mguu, na anahema akitembea kwenda shule. Hospitali wamemtibu, sasa ana nafuu na sindano zimeanza upya. Shida ni kwamba zahanati ya karibu dawa huisha mara kwa mara.

Naomba kuuliza: sindano ikikosekana, vidonge vya penisilini vya kila siku vinaweza kumvusha? Na kwa aliyerudiwa, wenzangu mlipangiwa sindano kila wiki 3 au 4? Kliniki nitarudi Jumatatu, ningependa niende najua cha kumuuliza daktari.